Wati 290

Kompyuta ile tuliinunua Kariakoo ikiwa imeshatumika maofisini huko ilikotoka, Dell OptiPlex 9020 ya kusimama, na binti yangu aliipakata kwenye bajaji mpaka nyumbani Ilala bila kuiacha iguse sakafu. Alikuwa mwaka wa tatu wa usanifu majengo pale Chuo Kikuu Ardhi, na laptopu yake ilikuwa imekufa kioo. Laptopu nyingine yenye nguvu ya kuchorea majengo hatukuiweza. Hii ya mezani tuliiweza: prosesa ya i5-4590, ramu GB 16, diski ya SSD, na skrini ya inchi 19 yenye waya wake wa VGA, ule wa kichwa cha bluu. Tukaiweka pembeni mwa kabati la vyombo na kuifunika kanga isiingie vumbi.

Haukupita mwezi wakapewa kazi: kila mwanafunzi achague jengo moja la mjini, alichore zima, nje na ndani. Binti yangu akachagua Soko Kuu la Kariakoo. Sikushangaa. Mimi nauza kanga Mtaa wa Uhuru, huu mwaka wa kumi na nne, na alipokuwa darasa la pili alikuwa akitoka shule anakuja kunisubiri dukani mpaka nifunge. Soko lile amelizunguka kwa miguu kabla hajajua kwamba kuna kazi inaitwa usanifu. Alilibuni Mtanzania mwenzetu, Beda Amuli, likafunguliwa mwaka 1975. Paa lake si bati wala vigae. Ni miamvuli ya zege iliyopinduliwa, mdomo juu na mpini chini, inakinga maji ya mvua. Usiku wa Julai 10, 2021 soko liliungua, na wengi wetu tunaofanya biashara mitaa ile tulilia kama tumefiwa. Kwa hiyo mtoto aliposema analichora soko, nilimwambia alichore lote, asibakishe hata mwamvuli mmoja.

Shida ilianzia kwenye hiyo miamvuli. Alipochora wa kwanza, kompyuta iliuzungusha bila taabu. Ilipofika minne ikaanza kusita. Alipomaliza safu nzima, ukigusa kipanya paa linaganda, unahesabu mpaka sita, ndipo linageuka kwa kuruka kama chura. Alinieleza sababu nikaielewa: prosesa ile ina sehemu ndogo ya kuchora picha ndani yake, Intel HD 4600, na sehemu hiyo haina kumbukumbu yake yenyewe, inaazima kwenye ramu ya kompyuta. Kwa barua, sinema na hesabu za duka inatosha. Kwa paa la Amuli haitoshi. Kilichotakiwa ni kadi ya grafiki, bodi ya pembeni yenye prosesa na kumbukumbu yake, inayochomekwa kwenye madabodi, ile bodi kuu ya kompyuta, na kubeba kazi yote ya picha.

Hapo akaingia shemeji yangu, mdogo wake baba watoto, mtu mwenye moyo mkubwa ambaye akisikia mtoto wa kaka yake amekwama halali usingizi. Siku ya tatu alikuja na boksi, na fundi nyuma yake.

“Shemeji, hii ndiyo baba lao,” aliniambia. “GB nane!”

Ilikuwa Radeon RX 580, feni mbili, nzito kama tofali la kuchoma. Kadi za aina hiyo zilitoka mwaka 2017, na dunia nzima watu walizinunua kwa mafungu, si kwa kuchorea wala kuchezea gemu, bali kwa kuchimbia sarafu ya Ethereum. Septemba 2022 Ethereum ikabadili mfumo wake, kadi zikakosa kazi, zikauzwa kama mitumba. Shemeji aliipata kwa laki tatu na alijiona ameokota. Kwa mtu mwenye kompyuta inayoiweza, pengine kweli aliokota.

Fundi alifungua mfuniko. Juu ya kadi kuna tundu la pini nane la kuingizia umeme, na ndani ya kompyuta yetu hapakuwa na waya wowote wenye kichwa cha pini nane cha namna ile. Hakubabaika. Alitoa mkobani adapta, ncha moja ina pini nane, ncha nyingine ina vichwa viwili vya SATA, vile vinavyolisha diski. Akaunga, na waya wa skrini akaupitishia kigeuzi chake cha picha.

“Anko, umeme utatosha?” binti yangu alimuuliza.

Fundi akajibu kwamba ikiwaka ujue umetosha.

Iliwaka. Na nitasema ukweli, ilikuwa raha kuitazama. Paa lilizunguka kama pia, mtoto akawa anaingia ndani ya soko na kutoka, anapanda ngazi, anashuka chini kwenye ghorofa la ardhini. Shemeji alisimama nyuma ya kiti chake amekunja mikono, uso unang'aa. Nikamkatia tikiti maji.

Baada ya magharibi mtoto akaanza kurenda, kama wanavyosema wao, yaani kompyuta itoe picha kamili ya jengo lenye jua, vivuli na watu. Feni zikapandisha sauti. Mimi nilikuwa nje kwenye korido nachambua mchele. Haikufika nusu saa nikasikia harufu ambayo kila aliyeishi nyumba ya kupanga anaijua, harufu ya plastiki inayoiva. Skrini ikazimika, mtoto akaita “Mama!” mara moja tu, na nilipoingia alikuwa ameshachomoa waya ukutani.

Nyumba yetu ina vyumba sita na mita moja ya LUKU. Kila mlango ulifunguliwa. Hakuna aliyejua ni kompyuta. Wote walidhani ni shoti darini. Bi Mkubwa mwenye nyumba akapaza sauti, “Zimeni meini swichi!” na kijana wa chumba cha mwisho akakimbia kuizima. Tukasimama gizani, watoto wamebebwa, mwenzetu wa chumba cha pili anawaza friji lake lenye juisi za kuuza kesho. Sikuwahi kuona aibu kama ile, kwa maana hofu yote ya wale watu ilitoka mlangoni kwangu.

Tulipomulika kwa tochi ya simu ndipo tukaona. Kichwa kimoja cha ile adapta, kilichokuwa cheupe, kilikuwa kimegeuka rangi ya chai ya maziwa, na vitundu vyake viwili vilikuwa vimedidimia na kushikana. Zaidi ya hapo hakuna kilichoungua. Kadi ilikuwa nzima. Kompyuta nayo ilijizima yenyewe na ikapona. Alhamdulillahi.

Umeme ulipowashwa Bi Mkubwa alikaa kwenye kigoda chake na daftari la LUKU mapajani, lile analoandikia michango ya kila chumba. Hakufoka.

“Mwanangu, hicho kidude kinakula umeme kiasi gani?”

Nikamtazama shemeji. Shemeji akasema kadi ina GB nane.

“Hayo sikuuliza,” Bi Mkubwa akasema.

Usiku ule binti yangu hakulala. Alilaza kompyuta ubavu, akafuta vumbi kwenye pawa saplai na kuniita nisome naye. Pawa saplai ni lile boksi la chuma la nyuma ambamo waya wa ukutani unaingia. Ndilo linalogeuza umeme wa TANESCO wa volti 230 kuwa volti ndogo ndogo ambazo kompyuta inazitumia. Lina kibandiko. Kwenye kibandiko, katikati ya maandishi madogo mengi, pameandikwa 290 W. Hapo ndipo ulipo mwisho wa nguvu ya mashine nzima, na namba hiyo siku zote ilikuwa pale, sentimita chache kutoka mkono wa fundi.

Akanipigia hesabu nyuma ya kalenda. Prosesa peke yake imekadiriwa wati 84. Kadi ya shemeji wati 185. Jumla 269. Zinabaki 21 za diski, ramu, feni na madabodi, tena hizo 290 hazitoki zote upande wa volti 12 ambao kadi inautegemea. Halafu kuna suala la njia. Sloti ambayo kadi inachomekwa kwenye madabodi inatoa wati 75, haizidi. Kadi ya wati 185 lazima ipate 110 nyingine kwa waya. Kichwa kimoja cha SATA kimekusudiwa kupitisha wati 54 upande wa volti 12. Viwili ni 108, na vyetu viwili vilikuwa vimetoka kwenye uzi uleule mwembamba. Ni sawa na kumtwika mtoto wa darasa la kwanza gunia la mpunga kwa sababu ana mabega mawili.

Jumamosi nilimwachia mwenzangu duka, nikashikana mkono na binti yangu tukapandisha na Uhuru kwenda kuingia Mtaa wa Aggrey. Hatukupiga hatua ishirini winga akatudaka. Mawinga siwadharau. Ni vijana wanaotafuta riziki yao kwa kumpeleka mteja dukani na kuongeza chao juu ya bei, na mimi mwenyewe wameniletea wateja wengi. Ila winga anauza kile ambacho mteja amekuja akikitamka, na wateja wote wa Aggrey wanatamka GB.

Duka la kwanza walituambia dawa ni kubadilisha pawa saplai. Wakatupa boksi limeandikwa 500W kwa elfu thelathini na tano. Nililipima mkononi. Mimi kanga naijua kwa kuikunja tu, na mkono huo huo uliniambia boksi hili ni jepesi mno. Lile letu la 290 lilikuwa zito kulishinda. Pawa saplai ya kweli ina koili na vipande vya chuma vya kupozea joto ndani, na vitu hivyo vina uzito wake. Lakini kabla sijasema neno binti yangu alikuwa ameshika kichwa cha waya wake mkubwa. “Mama, hiki kina matundu 24. Chetu kina manane.” Dell wa toleo lile walitumia kichwa chao wenyewe. Muuzaji akasema adapta zipo. Niliposikia neno adapta nilimshukuru, tukatoka.

La pili walikuwa na GTX 1050 Ti, na hapo moyo ulidunda, maana tulikuwa tumeshaisoma usiku: GB 4, wati 75, na nyingi kati ya hizo hazihitaji waya wa ziada. Bei nayo ilikuwa ya chini kuliko tulivyotegemea. “Tena ina VGA kabisa, sista,” kijana alimwambia binti yangu, “waya wako wa bluu unaingia moja kwa moja.” Alisema kwa furaha, na nadhani naye aliuziwa hivyo hivyo. Binti yangu aliigeuza kadi akaitazama nyuma, akanyamaza. Kizazi kile cha GTX 10 NVIDIA waliondoa kabisa njia ya picha ya analogi. 1050 Ti halisi haina tundu la VGA. Alikuwa na programu ndogo ya GPU-Z kwenye flashi. Akaomba kadi ichomekwe kwenye kompyuta ya dukani, na kwenye mstari wa jina likatokea neno FAKE. Ndani yake ilikuwa GTS 450, chipu ya mwaka 2010, imebandikwa jina jipya na kuandikiwa uongo kwenye kumbukumbu yake ya kuanzia. Ukutani pameandikwa “Bidhaa ikishauzwa hairudishwi.” Kama tungefuata waya wa bluu tungeondoka nayo.

Ilikuwa saa nane mchana tulipopanda ngazi za ghorofa moja la zamani, vyumba vya mafundi vimepangana kama vyumba vya shule. Kijana mmoja mwembamba alikuwa anachomelea laptopu. Hakutukaribisha kwa maneno mengi. Alinyanyua kichwa na kuuliza, “Kompyuta gani? Pawa saplai wati ngapi?”

Nilitaka kumkumbatia. Tangu tuanze, yeye ndiye mtu wa kwanza kuuliza swali la Bi Mkubwa.

Binti yangu akamwonyesha picha ya kibandiko kwenye simu. Kijana akaweka kadi tatu juu ya meza, zote bila tundu la umeme, zote zinaishi kwa zile wati 75 za sloti. Ya kwanza GT 1030, wati 30, GB 2. Akatutahadharisha kwamba jina hilo lina kadi mbili, yenye kumbukumbu ya GDDR5 na yenye DDR4, na hiyo ya DDR4 ni nzito kikazi ingawa boksi linafanana. Ya pili GTX 1650 ya GB 4, wati 75. Hiyo ina nguvu kuliko zote tatu na hesabu yake iliingia: 84 na 75 ni 159, inabaki nafasi ya kutosha. Bei ndiyo haikuingia. Ya tatu ilikuwa kadogo, feni moja, urefu kama kiganja na vidole, Quadro P1000 iliyotolewa kwenye kompyuta za ofisi za wachoraji. GB 4. Wati 47.

Ukizilinganisha kwa gemu, P1000 iko nyuma ya 1650, na asikudanganye mtu. Lakini imetengenezwa kwa ajili ya watu wanaochora, na kwa mashine yetu ilikuwa kama nguo iliyopimwa mwilini. Binti yangu aliipima kwa GPU-Z, jina likatoka safi. Akafungua faili la soko kwenye kompyuta ya fundi, akalizungusha paa. Halikuganda.

Kulikuwa na kikwazo kimoja: kadi ile ina matundu manne madogo ya mini DisplayPort, na skrini yetu ni ya VGA. “Mama, mtachukua na adapta,” kijana alisema, na nadhani uso wangu ulibadilika, kwa sababu aliweka chini kifaa chake cha kuchomelea akanieleza taratibu kwamba adapta hii inapitisha picha, haipitishi umeme wa kulisha kadi. Ile iliyoungua ilikuwa inabeba mzigo. Hii inabeba ujumbe. Nikamlipa laki mbili na ishirini kwa vyote viwili, na risiti akatoa bila kuombwa.

Shemeji tulimwambia kwa upole, jioni hiyo hiyo, na alikubali. Ile RX 580 aliiuza kwa kijana mwenye studio ya video ambaye kompyuta yake ina pawa saplai kubwa na nyaya zake halisi za pini nane, na alimsimulia yote yaliyotokea kabla ya kupokea hela.

Jumapili nilikwenda kwa Bi Mkubwa na binti yangu, wapangaji wamekaa barazani. Mtoto akaamkia, akakaa mkekani, akatoa kalenda. Uniti moja ya LUKU ni wati 1,000 kwa saa moja. Kadi ya kwanza, kwa saa sita za kazi kila usiku, ingekula uniti 33 kwa mwezi peke yake. Hii inakula 8 na nusu. Bei ya chini wanayopata wanaotumia uniti 75 au pungufu kwa mwezi sisi wa vyumba sita hatuifikii, kwa hiyo kila uniti inauma, na nikasema mchango wetu uongezwe uniti tisa kuanzia mwezi huo. Mwenzangu wa friji akasema tisa ni haki. Bi Mkubwa alivaa miwani, akatafuta ukurasa wa chumba chetu, akaandika “kompyuta” na pembeni yake 47. Kisha akaomba aonyeshwe hilo soko.

Alikaa kwenye kiti cha mtoto, mbele ya kabati la vyombo, na binti yangu akamzungushia. Miamvuli yote ilikuwepo. Bi Mkubwa aliwahi kuuza nazi pale soko lilipokuwa jipya. Aligusa skrini kwa kidole mahali fulani chini ya paa, upande wa kushoto, akasema, “Hapa. Nilikuwa nakaa hapa.”

Wenye maduka wa Aggrey na mitaa ya jirani, mimi ni mfanyabiashara mwenzenu. Kwenye zile karatasi mnazobandika juu ya kadi, mnapoandika GB, nawaomba andikeni na wati. Nanyi mnaokuja kununua, fungueni mfuniko kabla hamjatoka nyumbani, mkipige picha kibandiko cha pawa saplai, mje nacho kwenye simu.